Miezi minane na magazeti ya wapinga utumwa: uzoefu wangu

Nafundisha historia sekondari, na tangu mwaka uanze nalipia huduma moja ya mtandaoni inayohifadhi picha za magazeti ya zamani ya Marekani. Walimu wenzangu wameniuliza kama inafaa. Inafaa sana, ila yapo ya kuyajua kabla hujatoa kadi ya benki.

Nilianza na Freedom's Journal, lililotoka New York tarehe 16 Machi 1827, gazeti la kwanza nchini humo kumilikiwa na kuendeshwa na watu weusi. Wahariri wake, Samuel Cornish na John Russwurm, walisema wanataka kujitetea wenyewe, maana wengine wamewasemea kwa muda mrefu mno. Kauli hiyo nilishaifundisha miaka na miaka. Usiku ule nilipoikuta mahali pake, katika safu nyembamba za herufi ndogo, niliisoma kwa sauti peke yangu sebuleni.

Halafu nikahamia The Liberator, gazeti la mpinga utumwa William Lloyd Garrison, na huko ndiko nimekaa muda mrefu zaidi. Lilianza Boston tarehe 1 Januari 1831, likatoka kila wiki hadi mwisho wa 1865. Ukiikuza picha iliyo juu ya jina la gazeti katika matoleo ya mwaka ule wa kwanza, unaona mnada: watu wamesimamishwa wauzwe, na tangazo linawataja pamoja na farasi na mifugo mingine. Nyuma yao ni jengo la Bunge, bendera inapepea. Niliwaonyesha wanafunzi wangu, darasa zima likanyamaza.

Garrison alikuwa mzungu, lakini waliolibeba gazeti lake miaka ya mwanzo walikuwa hasa wasomaji weusi. James Forten, fundi wa matanga wa Philadelphia, alituma dola 54 za wasomaji 27 kabla hata toleo la kwanza halijatoka. Garrison naye alitenga safu ya kuchapisha maneno ya watetezi wa utumwa, kama yalivyo, ili msomaji ayaone. Vitabu vyetu vya kiada havigusi kabisa mambo haya, na kwangu mimi hapo ndipo pesa yangu iliporudi.

Sasa kasoro. Sehemu ya kutafuta maneno haiaminiki. Mashine inayogeuza picha kuwa maandishi imesoma vibaya wino uliofifia, kwa hiyo nilipoandika Russwurm nilipata kurasa tatu tu, ilhali kwa kufungua toleo moja moja nililikuta jina hilo kila mahali. Usitegemee kutafuta, fungua ukurasa, usome. Picha nazo ni nzito, zinakula bando vibaya mno, bora uzipakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Na muda wa majaribio ulipokwisha nilikatwa malipo ya mwezi mzima bila kupata ujumbe wowote. Niliwaandikia mara mbili, sikujibiwa. Hilo limeniuma.

Jambo jingine: magazeti ya Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwani akawa mpinga utumwa mashuhuri, usiyalipie. The North Star, alilolianzisha Rochester Desemba 1847 akiwa na Martin Delany, na Frederick Douglass' Paper lililofuata mwaka 1851, yanasomeka bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukikuta matoleo yanayokosekana, kumbuka kwamba nyumba ya Douglass iliungua mwaka 1872 na majalada aliyokuwa ameyahifadhi yakateketea. Yaliyobaki yanatosha kukufanya ukeshe wiki nzima. Chini ya jina la The North Star pameandikwa kwamba haki haina jinsia na ukweli hauna rangi, maneno ya 1847, na wasichana wangu wa kidato cha tatu wameyanakili kwenye jalada za madaftari yao.

Ushauri wangu: anza na yale ya bure, kisha lipia mwezi mmoja tu wakati wa likizo, upakue The Liberator unalohitaji, na usitishe malipo siku tatu kabla mwezi haujaisha.