Injekta za Hilux Vigo: zipi ununue, zipi uziache dukani

Vigo ya dizeli ikianza kuchoka haijifichi. Asubuhi inawaka kwa kubembelezwa, inagonga kama kuna mtu anapasua kokoto chini ya boneti, halafu ikishapata moto inatulia na wewe unasahau mpaka kesho yake. Siku moja fundi anasimama, anasikiliza, anafuta mikono: "Nozeli zimeisha, bosi." Anazungumzia injekta, vifaa vinavyopulizia dizeli ndani ya silinda. Jioni ukiuliza bei, rafiki anakutumia tangazo la injekta "za nguvu", zinazomwaga mafuta asilimia 30 zaidi ya za kiwandani, na hapo ndipo pesa huanza kupotea.

Nazungumzia Hilux za kati ya 2004 na 2015, zenye injini ya 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0. Mwenye injini ya zamani ya 3L au 5L (hayo ni majina, si lita) alale salama: nozeli zake ni za mitambo, anabadilisha ncha, fundi anazipima kwa pampu ya mkono, basi. Kwenye Vigo kila injekta inafunguka kwa umeme, inaamrishwa na kontroboksi (kompyuta ya injini), na presha kwenye reli, bomba linalogawa dizeli kwa injekta zote, inaweza kupita bar 1,500. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inapuliziwa mara 1,500, yaani mara 25 kila sekunde, na upulizaji mmoja unaweza kugawanywa: tone dogo la kutangulia, kisha mzigo wenyewe. Tone hilo dogo ndilo linalofanya injini isigonge. Injekta ikichoka, tone ndilo la kwanza kuharibika.

Kabla ya kununua chochote, pima. Gari likishapata moto na likiwa limewaka bila kukanyagwa mafuta, kompyuta ya fundi inaonyesha kontroboksi inamwongezea au kumpunguzia kila silinda mafuta kiasi gani ili injini itulie. Silinda iliyopita milimita za ujazo 3, juu au chini ya sifuri, ina jambo. Zote nne zikiwa karibu na sifuri na gari bado linapandisha na kushusha mizunguko lenyewe, angalia kwanza valvu ya SCV kwenye pampu, ile inayopima dizeli inayoingia. Ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na seti ya injekta, na nimeshaona watu wakibadilisha injekta nne kwa kosa la valvu hiyo moja. Fungua pia filta ya dizeli. Ukikuta vumbi la chuma linalong'aa, pampu ndiyo inayojila, na injekta mpya utakazofunga zitameza chuma hicho hicho.

Sasa mpangilio wangu. Wengi hawataukubali, hasa namba moja.

1. Zilizokarabatiwa kwa spea halisi, zikaja na karatasi ya kipimo

Ndiyo, zilizokarabatiwa. Injekta za Vigo ni za Denso, na ndani yake vitu viwili ndivyo vinavyokufa zaidi: ncha ya nozeli na valvu ya juu yake. Karakana yenye benchi ya kupimia kamonreli (mfumo huu wa reli moja) inabadilisha vyote viwili, kisha inaipima injekta katika hatua kadhaa: bila mzigo, mzigo wa kati, mzigo kamili, tone la kutangulia, na mafuta yanayorudi. Karatasi inayotoka ndiyo unayoilipia. Dai karatasi ya kabla na ya baada, kwa kila injekta, na uzitazame zote nne pamoja. Kila moja kuwa ndani ya kiwango haitoshi kama hii iko juu kabisa na jirani yake iko chini kabisa.

Dai pia urudishiwe ncha za zamani. Karakana yenye la kuficha itakwambia imeshazitupa.

Kasoro: mwili wa injekta ukiwa umeliwa na kutu ya maji au umepasuka, hakuna ukarabati. Na karakana isiyo na benchi, ile inayosafisha ncha kwa petroli na brashi ya waya halafu inakwambia "ziko poa", hata usiihesabu kwenye mpangilio huu.

2. Mpya za orijino

Kwa ubora, hizi ndizo za kwanza, sibishi. Zimeshuka hadi namba mbili kwa sababu ya bei, na kwa sababu ya boksi. Hapa kwetu unaponunua kipya unaonyeshwa boksi, na boksi la Denso au la Toyota linachapishwa popote. Niliwahi kununua nne kwenye duka moja, boksi safi, karatasi za nailoni hazijafunguliwa. Benchi ikaonyesha mbili zinarudisha mafuta kupita kiasi. Zilipofunguliwa, ndani kulikuwa na miili ya zamani iliyosafishwa ikametameta.

Kwa hiyo ukinunua mpya, nunua kwa wakala anayetoa risiti na dhamana ya maandishi, mpe namba ya chesisi akutafutie namba kamili ya spea, na linganisha na iliyoandikwa kwenye injekta yako. Za Toyota huanza na 23670, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha injini na toleo. Kufanana kwa umbo si kufanana kwa injekta. Halafu, hata kama ni mpya, zipitishe benchi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kufungua mara mbili.

Kama gari ni la safari ndefu na unakusudia kukaa nalo miaka mingine mitano, namba mbili hii ni namba moja yako.

3. Zenye mtiririko mkubwa

Hizi za tangazo. Ncha yake ina matundu makubwa zaidi, hivyo kwa muda uleule wa kufunguka inamwaga mafuta mengi zaidi. Tatizo ni kwamba kontroboksi haijui. Inaendelea kuamrisha kama zamani, injini inapata mafuta isiyo na hewa ya kuyachoma, na nyuma unaacha wingu jeusi ambalo vijana wanaliita nguvu. Joto la moshi linapanda, na kichwa cha pistoni ndicho kinacholilipia. Pistoni kupasuka kwenye 1KD si hadithi. Muulize fundi yeyote aliyeifungua, na nyingi kati ya hizo zilipasuka kwa injekta zilizochoka tu, bila kuongezewa kitu.

Tazama Toyota wenyewe walivyofanya. 2KD ileile ya lita 2.5 ilitoka na nguvu farasi 102, na toleo jingine likafika 144. Kilichobeba tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni hewa: turbo yenye mabawa yanayojirekebisha, na intakula inayopoza hewa hiyo. Mwenye Vigo ya 102 isiyo na intakula akifunga injekta kubwa ameanza kujenga nyumba kwa paa.

Nani anunue? Mwenye intakula nzuri, turbo isiyochoka, geji ya joto la moshi kwenye dashibodi, na mtu wa kuandika upya programu ya kontroboksi kwa kulingana na injekta hizo. Hata huyo asizidi asilimia 20 kwa gari la kazi. Kama kazi yako ni kubeba mahindi kupandisha mlima Sekenke, injekta za kawaida zilizo sawasawa zitakupandisha.

4. Za mtumba kutoka Sharjah

Zinaingia pamoja na injini nusu, zinauzwa Ilala Shaurimoyo, Dar es Salaam, zinauzwa Grogan, Nairobi. Wakati mwingine unaokota dhahabu, mara nyingi unanunua uchovu wa mwenzako. Nazinunua kwa sharti moja: muuzaji akubali zipimwe benchi kabla pesa haijabadili mkono. Akikataa, jibu umeshapata. Mtumba mzuri wenye mwili mzima unafaa kuwa malighafi ya namba moja.

5. Kopi zisizo na jina

Bei yake inavutia. Siku ya kwanza gari linanyamaza kama jipya. Baada ya miezi michache ncha inaanza kudondosha badala ya kunyunyiza, na dizeli inayodondoka inatoboa pistoni taratibu kama maji ya bomba kwenye sementi. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ukishachagua, pesa ndogo zilizobaki ziende kwenye washa za shaba zinazokaa chini ya injekta. Mpya, kila mara, hata kama za zamani "bado nzima". Washa ikivuja, moshi wa mwako unapenya kwenye oili, masizi yanaziba chujio lililo ndani ya sampo (bakuli la oili), na injini inakosa oili ikiwa na oili tele. Kikao cha washa kisafishwe kabisa kabla ya kufunga. Weka filta mpya ya dizeli na fungua kile kidude cha chini kumwaga maji, hasa masika. Kuhusu dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 na Kenya ikafuata 2018, na mchezo ukapungua. Mafuta ya taa yana ulainisho mdogo, na injekta hailainishwi na kitu kingine zaidi ya dizeli inayopita ndani yake, kwa hiyo jaza kwenye kituo kimoja unachokiamini na utunze risiti.

Na jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: juu ya kila injekta kumechongwa msimbo wake, unaoiambia kontroboksi hii inamwaga zaidi kidogo, ile pungufu kidogo. Lazima uingizwe kwa kompyuta, silinda kwa silinda, na ukikarabati uulize benchi kama imekutolea mpya. Piga picha za misimbo yote minne kwa mpangilio wa silinda wakati injekta bado ziko mezani, kwa sababu zikishafungwa maandishi huwa magumu kusoma.