The New Yankee Workshop: maoni ya fundi samani anayetakiwa kuanzisha kipindi chake

Vijana wawili wenye kamera walinifuata karakana wakitaka tuanzishe kipindi cha runinga kuhusu utengenezaji wa samani bora. Wao wapige picha, mimi nifanye kazi. Niliwaomba wanipe mwezi mmoja. Wapo waliolifanya jambo hili miaka mingi kabla yetu, na sikutaka kuliingia bila kuangalia walilifanyaje. Kwa hiyo nikarudi kwenye kipindi nilichokipenda tangu naanza kushika randa, The New Yankee Workshop, safari hii nikiwa na daftari pembeni. Haya ni maoni yangu, ya mtu aliyekaa kwenye benchi la useremala miaka 22.

Kwa asiyekijua, kilirushwa na televisheni ya umma ya Marekani, PBS, tangu 1989 hadi 2009, misimu 21. Aliyekibuni ni Russell Morash wa kituo cha WGBH cha Boston, yule yule aliyeanzisha kipindi cha ukarabati wa nyumba, This Old House. Anayefanya kazi mbele ya kamera ni Norm Abram, seremala mtoto wa seremala. Wanasimulia kwamba Morash alimwajiri kwa kazi ya ujenzi kwake, na kilichomshangaza ni udogo wa lundo la mabaki ya mbao aliloliacha. Huyo ndiye aliyemweka kwenye runinga mwaka 1979.

Nililiandika jambo hilo la mabaki kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Fundi anayepima mara mbili na kupanga mikato yake kabla ya kuwasha msumeno huacha vipande vichache sakafuni. Asiyepanga huacha gunia. Vijana wangu walikuwa wameanza kufikiria nani ana sura nzuri na sauti ya kutangaza, nikawaambia waende kwanza wakaangalie sakafu za mafundi jioni, kabla hazijafagiliwa. Norm hana mbwembwe hata kidogo. Anaongea kwa sauti ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, anasema anachofanya na kwa nini, halafu anafanya. Dakika kumi baadaye unamwamini, kwa sababu mikono yake na maneno yake yanakubaliana.

Kinachokipa kipindi hiki nguvu, kwa maoni yangu, ni utaratibu wa kutengeneza kila samani mara mbili. Ya kwanza inatengenezwa kabla, inaonekana imekamilika mwanzoni mwa kipindi, unaizunguka, unaona droo zake na miguu yake. Ya pili ndiyo inayojengwa mbele yako. Fundi aliyekwisha kuijenga kabati mara moja anajua pale mbao itakapomsumbua, anajua kipande kipi kikatwe kwanza na kipi kisubiri mpaka vingine viunganishwe ndipo kipimwe. Mkono wake haubabaiki, na mtazamaji haoni mtu anayekisia. Vijana walikuwa wametenga siku tatu kwa kila kipindi. Nikawapigia hesabu ya kabati dogo tu: kuchagua na kukata mbao, kuzinyoosha kwa randa, kuchonga viungo, gundi, msasa, mafuta au vanishi na muda wa kukauka kati ya mpako na mpako. Siku tatu hazitoshi hata kwa kabati moja, sembuse mawili. Walinyamaza, halafu mmoja akafungua daftari lake akafuta ratiba yote. Nilimpenda kwa hilo.

Usalama pia kipindi hiki kimeufanya ipasavyo. Kabla ya mashine kuwashwa, Norm anakumbusha kusoma na kufuata maelekezo ya kila mashine, na kuvaa miwani ya kukinga macho. Anarudia kila kipindi bila kuchoka, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu anayetazama leo huenda hakutazama jana. Mimi ningeongeza jambo moja ambalo mafundi wengi hawalisemi: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani. Ukivikunja na kuvitupa pembeni vinapata joto vyenyewe wakati mafuta yanakauka, na vinaweza kushika moto usiku karakana ikiwa imefungwa. Vitandazwe nje vikauke kimoja kimoja.

Sasa nije kwenye upungufu wake, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo kipindi chetu kitasimama au kuanguka.

Kipindi ni nusu saa. Kabati zima, meza nzima, kitanda kizima, kwa nusu saa. Ili hilo liwezekane kinachokatwa na mhariri ni kule kujaribisha. Unaona ulimi wa mbao ukikatwa kwa mashine, safi kabisa, kisha picha inayofuata umo ndani ya tundu na fremu imesimama. Katikati ya picha hizo mbili ndimo ufundi wenyewe ulimo.

Nieleze jinsi inavyokuwa benchini. Ulimi wa mguu wa meza kwa kawaida unauchonga unene wa theluthi moja hivi ya mbao, ili kuta za tundu zibaki na nguvu. Lakini kipimo cha mwisho hakimo kwenye mchoro. Unausukuma ulimi kwa kiganja, unaingia nusu, unakataa. Unauchomoa na kuupeleka penye mwanga. Pale ulipobana utaona mng'ao mdogo, kama kitambaa kilichopitishwa pasi. Hapo tu, na si penginepo, unapitisha randa ndogo mara moja, inatoka taka nyembamba unayoweza kuona kidole chako kwa upande wa pili. Unaurudisha. Sasa unaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mti, na hewa iliyokuwa ndani ya tundu inatoka kwa mlio mfupi. Ukipitisha randa mara mbili badala ya moja, kiungo kimelegea, na gundi haitakuokoa. Miaka mitano meza itaanza kuyumba na mwenye meza hatajua sababu.

Ule mng'ao ndio ninaotaka kuuona kwenye runinga. Kamera inaweza kuusogelea kuliko jicho la mwanafunzi yeyote anayechungulia juu ya bega la fundi wake. Mimi mwenyewe nilifundishwa karibu miaka miwili ndipo nikaelewa mjomba alikuwa akiangalia nini pale alipougeuza ulimi kwenye mwanga, kwa sababu alikuwa haongei akifanya kazi. Kipindi kinachonyamaza kwa dakika nzima kikiangalia mashavu ya ulimi mmoja, yaani pande zake pana, kingenifikisha pale kwa jioni moja.

Jambo la pili ni bunduki ya misumari. Norm mara nyingi anapaka gundi, anaweka kipande mahali pake, halafu anapiga misumari midogo kwa hewa ili kishikilie gundi ikauke. Ni njia halali, inaokoa muda, na kwa kazi zilizojificha hata mimi ninaitumia. Ila kipindi kinachojiita cha samani bora kinafundisha kwa kila kinachoonyeshwa, hata kisichokusudiwa. Kijana akiona msumari umepigwa mara kumi kwa kipindi, ataondoka akiamini msumari ndio unaoshika. Ningependa aambiwe wazi, kila mara: hapa kinachoshika ni gundi na mbao zilizolala upande kwa upande, na gundi hiyo hiyo ukiipaka kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zinapokatika, haishiki vizuri. Ndiyo maana tunachonga viungo. Ningependa pia aone vibano vikikaa. Gundi nyeupe ya mbao inataka vibano kama nusu saa hadi saa moja, na siku nzima kabla ya kukibebesha kiungo uzito. Runinga inaogopa kusubiri, naelewa, lakini hata picha ya saa ukutani ingetosha kumwambia mtazamaji ukweli.

La tatu ni mbao yenyewe kuwa hai. Norm analijua vizuri na analigusia, lakini kwa haraka, mikono ikiwa tayari kwenye kazi inayofuata. Hili kwangu ni somo la kipindi kizima. Mbao haibadiliki urefu kwa kiasi cha kuhangaisha, inabadilika upana. Ikivuta unyevu inapanuka, ikikauka inasinyaa, na kwenye aina nyingi za miti kusinyaa kufuata mviringo wa pete za ukuaji wa mti ni kama mara mbili ya kusinyaa kuelekea kiini. Mwaka wangu wa tatu nilitengeneza meza ya kulia, uso wa mbao pana nzuri sana, nikaubana kwenye fremu kwa skrubu pande zote, imara kama mwamba. Kiangazi kilipofika mwenye meza aliniita. Ufa ulianzia kichwani mwa ubao, ukaenda urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko, unaweza kupitisha sarafu. Uso ulitaka kusinyaa, skrubu zikakataa, mbao ikapasuka yenyewe. Nilibadilisha uso wote, safari hii kwa vishikizo vya mbao vinavyoteleza kwenye mfereji ndani ya fremu, na hadi leo meza ile iko sawa. Ndiyo sababu ile ile ubao wa chini wa droo haugundishwi, unaachwa unaelea kwenye mfereji wake. Ndiyo sababu mlango wa kabati wa zamani una fremu na ubao mwembamba katikati.

Hapa ndipo runinga inaweza kufanya ambacho karakana haiwezi. Chukua ubao mmoja wa upana wa sentimita 40, upime mbele ya kamera msimu wa mvua, andika namba juu yake kwa penseli. Rudi kiangazi, upime tena. Tofauti ya milimita 3 au 4, wakati mwingine zaidi, mtu akiiona kwa macho yake hatapiga tena skrubu za kubana uso wa meza. Hilo ndilo ombi langu kubwa kwa vijana wangu, na wamelikubali.

Nilipomaliza misimu kadhaa ya Norm nikageukia The Woodwright's Shop ya Roy Underhill, ya PBS hiyo hiyo, ambayo ilianza huko North Carolina mwaka 1979. Ni nyumba nyingine kabisa. Underhill hatumii umeme: shoka, msumeno wa mkono, patasi, randa, na mashine ya kuchongea miguu ya viti inayoendeshwa kwa kukanyaga. Kipindi kinapigwa kwa mfululizo, na unamwona akihema, jasho likimtoka, akikosea na kurekebisha hapo hapo. Kwa usafi wa kufundisha hatua moja baada ya nyingine, Norm anamshinda. Kwa kuonyesha mbao inavyojibu chini ya mkono, Underhill hana mpinzani. Sauti peke yake inafundisha: randa iliyonolewa ikifuata nyuzi inapiga mluzi mmoja mrefu laini, na ikienda kinyume inakwaruza, na fundi anageuza ubao hata kabla hajaangalia. Kwenye The New Yankee Workshop mashine zinaifunika sauti hiyo. Nimewaambia vijana kipaza sauti kikae karibu na mbao kuliko karibu na mdomo wangu, na muziki usiwekwe wakati wa kazi.

Ningeulizwa nyota, The New Yankee Workshop naipa 4 kati ya 5 bila kusita, na kwa anayejifunza kupanga kazi kuanzia mchoro hadi mpako wa mwisho naipa zote 5. Aliye na msumeno wa mkono na patasi mbili tu aanze na Underhill, asije akakata tamaa mbele ya mashine ambazo hana.

Chetu tumekubaliana kianze na droo moja. Si kabati, droo tu: pande nne zenye viungo vya mkia wa njiwa, yaani meno yaliyopanuka nchani yanayofumana pembeni, ubao wa chini unaoelea, kwa vipindi viwili vya nusu saa. Ya kwanza nimekwisha kuitengeneza. Nimeiingiza kwenye sanduku lake, nikaisukuma kwa kidole kimoja, ikaenda hadi nusu na kusimama. Upande wa kushoto, karibu na nyuma, pana ule mng'ao. Sijaugusa. Jumamosi wanakuja na kamera.