Vitabu vya Mitford: uzoefu wangu na padri mwenye kisukari na mbwa anayetulizwa kwa mistari ya Biblia

Kuna wanaouliza stori na tafakari za Kikristo za familia zisizochosha. Kwa wasio na muda wa maelezo marefu jibu ni hili, tafuta At Home in Mitford, riwaya ya padri wa mji mdogo wa kubuni unaoitwa Mitford, anza na hicho hicho cha kwanza, na usikisome ukiwa na haraka zako. Wenye muda karibuni tuendelee maana nina mengi.

Mie nasoma stori za dini toka niko sekondari na kiukweli nyingi zinanichosha. Ukifika ukurasa wa tano ushajua mume mlevi ataokoka, mganga ataumbuka, na mama anayekesha kwenye maombi ndo atacheka mwisho. Sisemi ni uongo, mambo hayo yapo na nimeyaona, ila humo ndani hakuna mtu anayetania, hakuna anayeunguza wali, hakuna anayesahau kwamba leo ni zamu yake kuongoza sala halafu anaanza kubabaisha. Wakati familia za kanisani ninazozijua mimi, kuanzia ya kwetu, ni vituko mtindo mmoja. Vijitabu vya tafakari za familia navyo ndo usiseme, mke tii, mume ongoza, mtoto heshimu, amina, kesho tena yale yale kwa mstari mwingine.

Sasa hii sirisi ya Mitford imeandikwa na mama wa Kimarekani anaitwa Jan Karon, kazaliwa 1937 huko Lenoir, North Carolina, akafanya kazi za matangazo ya biashara miaka mingi halafu akaachana na mshahara wake mzuri akahamia mji mdogo wa milimani unaitwa Blowing Rock ili akaandike. Stori ilianza kutoka kipande kipande kwenye gazeti la hapo hapo mjini, Blowing Rocket, wala hawakuwa wanamlipa. Kitabu kikatoka 1994 kwa wachapishaji wa vitabu vya Kikristo, baadae wachapishaji wakubwa Penguin wakakichukua ndo kikasambaa. Hilo la gazeti nimelitaja kwa sababu unaliona kabisa kwenye uandishi wenyewe, vipande vifupi vifupi, kila kimoja na kisa chake, kinakatika pale pale unapotaka kujua kilichofuata, kwa hiyo kwa mtu anayesoma kwenye daladala au akisubiri maharage yaive kinakaa vizuri sana.

Mhusika mkuu ni Padri Tim, Timothy Kavanagh, wa kanisa la Episcopal yaani Waanglikana wenzetu wa kule Marekani. Yuko kwenye sitini hivi, hajaoa, anapenda kupika, anapenda mawaridi yake, na ndo kwanza daktari kamwambia ana kisukari. Mie nimekulia Muheza kwenye Uanglikana ule wa ubani na kengele tulioachiwa na UMCA, wale wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, nao walikuwa hawaoi, kwa hiyo padri mseja anayezeeka na vitabu vyake kwa watu wa kwetu sio habari ya kushangaza. Labda ndo maana nilimpokea haraka. Mwingine wa kanisa lenye wachungaji wenye wake na watoto sita atajiuliza huyu mzee alikuwa anasubiri nini, na swali hilo hilo ndo linabeba kitabu.

Maana amani yake inavurugwa na watu watatu na mbwa. Mbwa anatangulia, limbwa jeusi kubwa linamrukia barabarani na kumlamba uso mzima, halisikii la mtu, mpaka padri anapolitamkia mstari wa Biblia kwa sauti, hapo linatulia na kulala chini. Anaitwa Barnabas. Ukielezewa hivi unaona ni utani wa kitoto, nami nilidhani mwandishi atauchosha, lakini anautumia kwa kiasi na kila ukija unacheka upya, hasa pale padri anapobanwa na hali na mstari unaomjia kichwani hauhusiani na chochote. Halafu kanisa linamtafutia dada wa kazi, Puny, msichana mwembamba mwenye nywele nyekundu, ambaye padri hamtaki kabisa kwa sababu hataki mtu aguse nguo zake za ndani, mpaka anapoona sakafu ilivyosuguliwa na mikate ya mahindi iliyotoka jikoni. Halafu jirani, Cynthia, anayeandika na kuchora vitabu vya watoto kuhusu paka wake, anapenya kwenye uwazi wa ua wa miti kati ya nyumba zao kuja kuazima sukari.

Hapa nisimame kidogo. Mie naishi na mama mkwe wangu, naye ana sukari, dawa zake ziko juu ya friji kila mtu anazijua. Jioni akichambua mchele huwa namsimulia nilipofikia, kwa Kiswahili changu cha kuruka ruka maana vitabu ni vya Kiingereza. Nikafika kwa Esther Bolick, mama mmoja wa kanisani maarufu kwa keki yake ya jemu ya machungwa, padri anajua fika ana kisukari na bado anaikata. Mama mkwe akaweka ungo chini. "We mama Neema, na ugonjwa wote huo anakula keki? Ndo shida ya mwanaume kukaa peke yake, hana wa kumnyang'anya sahani." Tukaendelea, nikamfikisha kwa jirani na kikombe cha sukari. Akanyamaza akawaza. "Kaja kuazima sukari kwa mgonjwa wa sukari?" Nikamwambia ndio mama. "Basi huyo hajafata sukari." Kuanzia siku hiyo salamu yake kwangu nikirudi kazini ni moja, huyo padri wenu hajaoa tu?

Na kweli anachelewa jamani. Kuna mahali nilitaka kukirusha kitabu. Mzee anapenda, anaogopa, anasali, anaandika barua, anaogopa tena, mbwa anaumwa, mji una uchaguzi, kurasa mia zimepita. Lakini hofu yake ni ya kweli, ni ya mtu ambaye amebariki ndoa za wenzake maisha yake yote na hajawahi kugombana na mtu nani kaacha taulo kitandani. Harusi yenyewe imeandikiwa kitabu chake pembeni, A Common Life, cha 2001, kifupi, ambacho kimetoka baada ya vitabu ambavyo humo ndani tayari ni mke na mume, hivyo msichanganyikiwe. Siku ya harusi bibi harusi anafungiwa bafuni kitasa kimetoka, bwana harusi na askofu wako kanisani wanasubiri. Nilicheka mpaka mume wangu akaamka.

Mtu wa tatu anayemvuruga padri, baada ya Puny na Cynthia, ndo aliyenifanya niendelee na sirisi. Dooley, mtoto wa miaka kumi na moja, mjukuu wa mzee anayetunza bustani ya kanisa. Anaingia ofisini kwa padri na swali lake la kwanza ni choo kiko wapi, kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Mama yake mlevi, wadogo zake wamegawanywa huku na kule, babu anaugua, na huyu mseja asiyewahi kumfunga mtoto kamba za viatu anajikuta mlezi. Hapa Karon kanikamata vibaya. Hakuna hotuba ya kumbadilisha Dooley. Kuna kumlisha, kumlazimisha kuoga, kugombana naye kuhusu lugha yake, kumnunulia nguo, kumwombea mlango ukiwa umefungwa, na kesho unarudia. Anabadilika taratibu sana, kitabu hadi kitabu, na mengine hayabadiliki. Sisi huku nani hajalelewa na mjomba, shangazi, bibi, au hajaletewa mtoto wa ndugu na kifurushi cha nguo akaambiwa huyu sasa ni wako, kwa hiyo zile sehemu sikuzisoma kama mambo ya Wamarekani.

Upande wa imani, kwa wanaouliza. Ipo kila mahali lakini haikukalii kooni. Padri anasali akitembea, akipika, akiwa amekasirika. Kuna sala anaitegemea anaiita sala isiyoshindwa kamwe, nayo ni ile sentensi ya Baba Yetu, mapenzi yako yatimizwe, basi. Anaitumia pale ambapo hana cha kumwambia mgonjwa au aliyefiwa. Nimeipenda kwa sababu haiahidi gari. Kuna pia tukio la mwizi anayejificha darini kanisani, siwaharibii, ila namna toba inavyokuja pale ibadani mbele ya waumini waliokaa na kofia zao ni moja ya vipande vizuri kabisa vya kitabu cha kwanza.

Ila sio kila kitu kizuri. Hela ni tatizo langu kubwa na Mitford. Kuna bibi tajiri, Miss Sadie, mtu mzuri na historia yake ya mapenzi inaliza, lakini kila penye shida kubwa mfuko wake unafunguka, mpaka nyumba nzima ya kulelea wazee anaitoa yeye. Wasomaji wa kanisa linalochangisha bati moja moja miaka minane tutaguna kidogo. Meya wa mji anapenda kusema Mitford inatunza watu wake, naam, kwa hela za Miss Sadie hata mimi ningewatunza. Pia majina ni mengi mno, kitabu cha kwanza nilikuwa naandika kwenye karatasi nani ni mke wa nani, na wazee wa milimani wanaongea Kiingereza cha kukatakata ambacho mwanzoni utasoma mara mbili. Na watu wanakula, wanakula, wanakula. Usisome na njaa.

Vile vya mbele mbele mwandishi anabadilika. A New Song ya 1999 inamhamishia padri kisiwani na mie niliumisi mji. Home to Holly Springs ya 2007 inampeleka Mississippi alikozaliwa kwenye mambo ya baba yake, ni kitabu kizuri ila kizito, usitegemee kucheka. Shepherds Abiding ya 2003 ndo ninachowapa watu kama zawadi, mzee anajifungia kwa siri kurekebisha sanamu za zamani za Krismasi zilizovunjika vunjika, awahi sikukuu amshtukize mkewe, na hajui kupaka rangi. Kifupi, kinaisha ndani ya wiki ya Majilio.

Kwenye tafakari sasa, maana niliambiwa na jirani yangu Msabato kwamba bila kitabu cha ibada nyumba haisimami (yeye anasoma Kesha la Asubuhi kila alfajiri na ananirushia kwenye wasapu, namshukuru). Nikachukua Patches of Godlight, 2001, kimetengenezwa kana kwamba ni daftari la Padri Tim mwenyewe, mwandiko wa mkono, nukuu alizokusanya, jina lenyewe limetoka kwa mwandishi Mkristo C.S. Lewis. Tulijaribu baada ya chakula cha usiku, nukuu moja, kila mtu anasema anaonaje, sala fupi, kwisha. Mkubwa wangu yuko form two alikipenda kwa sababu hakimpi maswali ya kujaza. Mdogo alilala. Sio kitabu cha kukufundisha Biblia hatua kwa hatua na anayetaka hivyo atajuta hela yake, ila kama ibada ya nyumbani kwenu imegeuka kikao cha kusuta watoto, kinapunguza presha.

Wavivu wa kusoma kuna za kusikiliza, msomaji John McDonough, sauti ya babu kabisa, nimepikia nayo sana. Kuna na filamu ya televisheni ya Hallmark ya Marekani ya 2017, Andie MacDowell ndo Cynthia na anafaa, ila padri wamempa Cameron Mathison, kijana mtanashati mwenye misuli, na mama mkwe alivyomuona alisema huyu hawezi kuwa ana sukari, zima.

Mimi nakipa cha kwanza nne na nusu kwa tano, sirisi nzima nne. Kama unapenda stori yenye mapigano au unataka kila ukurasa uwe na funzo, hivi vitakulaza. Nakala mpya ni ghali kuagiza, hivyo wengi tunanunua vilivyotumika, na hapo muwe makini, muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea A Light in the Window, kile cha pili kwenye sirisi, jalada safi kabisa linang'aa, kufika mwisho karatasi za sura ya mwisho hazimo, nampigia simu ananiambia dada si umeshasoma sehemu kubwa. Mwambieni muuzaji awapigie picha kurasa za mwisho kabla hamjatuma hela.