Maji ya Ngurunit sina ubaya nayo, waliotupeleka ndio

Nimerudi Nairobi juzijuzi kutoka Ngurunit, kijiji cha Marsabit kaskazini mwa Kenya, na moyo bado unanichemka.

Kwanza haki isemwe. Mahali penyewe ni pazuri ajabu. Ukishaacha lami pale Laisamis ni vumbi na miiba mpaka uchoke, halafu milima ya Ndoto inakusimamia mbele, na ndani ya korongo kuna maji. Baridi, safi, yanateremka juu ya mwamba laini. Watoto wa pale wanakaa kitako na kuteleza hadi dimbwini wakicheka. Niliteleza mara nne. Wakati huo ningetoa nyota zote tano.

Kisha kiongozi wetu wa safari akagawa shampuu. Watu kumi na wawili tukiwa dimbwini, wenzangu wakajisugua vichwa, povu likashuka mpaka kwenye mawe ya chini. Na hapo chini alisimama mama mmoja na punda wake, mitungi miwili ya manjano mgongoni mwa punda, kikombe cha plastiki mkononi. Alikuja kuteka maji ya kunywa. Akauliza kitu kwa Kisamburu. Kiongozi hakugeuka hata shingo: "Mama, subiri huko. Wageni wamelipa."

Wamelipa nini? Mimi ni mtu wa Kayole, foleni ya mitungi naijua. Bomba likikauka, ukitumbukiza mkono mchafu kwenye pipa la mwenzako utaona cha mtema kuni. Na maji yale hayafiki mbali. Yakishuka bondeni yanamezwa na mchanga wa laga, yaani mto mkavu, na watu huchimba mchanga huohuo wapate ya kunywa.

Nilimwendea nikamwambia "supa", neno pekee la kwao ninalolijua, nikamwomba radhi kwa Kiswahili. Akaitikia. Akaendelea kusukuma povu pembeni kwa kile kikombe, polepole, akitafuta penye maji meupe, huku kiongozi akipiga makofi kutuita kwenye picha.

Garini nikaambiwa nisiwaharibie wenzangu raha. Ofisi yao hapa mjini nimeipigia mara tatu. Eti watanipigia.

Nilikuwa niandike: nendeni, ila si na hawa. Tafuteni kijana wa palepale awaongoze, sabuni muiache nyumbani. Lakini nikikikumbuka kile kikombe hata hilo linanishinda. Msiende kwanza. Mama yule ateke maji yake.