Mtaalamu wa lishe wa wodi ya saratani: nyota nne

Siku ya kwanza nilitaka kumshtaki huyu kijana kwa muuguzi mkuu.

Baba ana saratani ya umio. Alilazwa hospitali ya rufaa akiwa ameshuka kutoka kilo 61 hadi 43 ndani ya miezi mitano, na kwa siku kumi na mbili hakupitisha kitu zaidi ya chai ya rangi, tena kwa kijiko. Alipowekewa mpira wa puani tulishangilia. Shangazi akaja na chupa mbili: supu ya kongoro na uji wa lishe wenye karanga. Kijana akazifunga vifuniko. "Shikamoo Mama. Hivi leo haviingii."

Alichoruhusu ni maziwa, mililita 50 kila baada ya saa mbili. Kama kalori 430 kwa siku, yaani kumi kwa kila kilo. Na kabla ya tone la kwanza, sindano ya thiamini, yaani vitamini B1. Shangazi akamuuliza kama kaajiriwa kumuua kaka yake kwa njaa.

Hakukasirika. Alivuta kiti akatueleza kwamba mwili uliokaa na njaa unajila wenyewe, mafuta na misuli. Ukiumwagia wanga ghafla, insulini inapanda, na madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu yanatoka kwenye damu kukimbilia ndani ya seli. Moyo unaweza kupoteza mapigo, hata kusimama. Wafungwa wa Vita vya Pili vya Dunia, alisema, wapo waliofunguliwa wakashibishwa, wakafa.

Siku ya tatu fosfati ya Baba ilishuka, hata kwa maziwa yale ya kuonja. Miguu ikavimba. Wakamrekebisha kwa dripu, maziwa yakabaki palepale mpaka vipimo vikatulia. Nilizikumbuka chupa za Shangazi, nikanyamaza.

Nyota moja naikata. Fosfati haipimwi pale. Damu niliibeba mwenyewe kwa bodaboda hadi maabara ya mtaani. Wikiendi mtaalamu hayupo. Na karatasi iliyobandikwa kitandani ni ya Kiingereza, wakati wanaosukuma maziwa saa nane usiku ni sisi ndugu.

Siku ya tisa supu ya Shangazi iliruhusiwa, imechujwa kwa kitambaa mara mbili. Alisukuma bomba mwenyewe, mkono ukimtetemeka. Baba akapiga mbweu, akasema haina ndimu.