Nilisasisha Mac, kasida zikanyamaza

Ninarekodi kasida na nyimbo za harusi katika chumba kimoja kidogo Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Programu ninayosafishia sauti naipenda, nasema mapema ijulikane sina chuki nayo. Inaondoa mvumo wa feni na honi za tuktuk bila kuifanya sauti ya mtoto isikike kama inatoka mtungini. Nailipia kila mwaka, huu wa nne.

macOS Sequoia, mfumo mpya wa kompyuta za Mac za Apple, ilitoka tarehe 16 Septemba 2024. Kesho yake usiku nikaisasisha Mac yangu. Kosa langu, nakubali: ulikuwa mfungo sita, maulidi kila mtaa, na fundi mwenye kazi mkononi hachezei mfumo. Asubuhi nafungua programu, inaganda, inajifunga. Nafungua tena, yale yale. Ustadhi yuko mlangoni na watoto kumi na wanane, matari mkononi, kanzu zimepigwa pasi (kurekodi sauti tupu, wala hakuna video!).

"Vipi mwanangu, tuanze?"

Nikawaandikia watengenezaji. Wakajibu kwamba toleo jipya linakuja hivi karibuni. Wiki ya tatu nikauliza tena, nikaletewa jibu lile lile, hata nukta haikuhama. Kinachoniudhi ni kwamba Apple iliwapa watengenezaji wa programu toleo la majaribio tangu tarehe 10 Juni. Miezi mitatu na ushei. Haya, tuseme kazi ni ngumu. Barua pepe ya mstari mmoja, "msisasishe kwanza", nayo ina ugumu gani? Mbona ile ya kukumbusha malipo haichelewi hata siku moja?

Kurudi kwenye mfumo wa zamani nako si kubonyeza tu. Diski yote hufutwa, na nakala yangu ya akiba ilikuwa ya tangu Ramadhani. Nikaazima laptopu ya Windows ya binamu yangu Kisauni, kwa sharti isitoke nyumbani kwake. Basi kila jioni nikawa navuka daraja la Nyali na diski mfukoni, nasafisha kasida sebuleni kwa watu huku wenyewe wanatazama mpira.

Sasisho lilifika Novemba. Linafanya kazi vizuri, hata lina kasi kuliko la zamani. Ustadhi alikuwa ameshapata studio nyingine.

Nawapa nyota mbili, zote za sauti. Malipo yangu yanaisha Februari, na kadi nimeshaitoa kwenye akaunti.