Nyundo kwenye propela shafti yangu ya alumini

Mezani pangu, juu ya karatasi nyeupe, kuna sindano moja ya beringi, kijiti cha chuma, iliyovunjika vipande viwili. Ni nyembamba kama punje ya mchele, na usingeweza kudhani kwamba kitu kidogo namna hii kinaweza kulitetemesha gari zima kutoka sakafuni hadi kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Ilitoka ndani ya krosi mpya, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu propela shafti kujipinda inapozunguka, niliyoinunua kwa fedha zangu na kufungiwa katika gereji moja upande wa Ndeeba, Kampala. Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba kazi ya gereji ile ni ya wastani, kwamba walichelewa lakini gari lilitoka likitembea. Kila ninapoitazama sindano hii naona kwamba neno wastani ni zawadi ambayo hawakuistahili.

Nianze na mazuri, kwa maana yapo. Mimi ni mwalimu, ninaishi Bombo, na gari langu linakwenda Kampala na kurudi karibu kila siku ya kazi. Propela shafti yake ya zamani, ule mti mrefu unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye difu ya nyuma, ilikuwa ya chuma, na mwenye gari aliyenitangulia alikwisha kuikata na kuichomelea upya. Niliivumilia mpaka ilipoanza kugonga kila nilipoondoa gari. Muuzaji mmoja wa spea katika soko la Kisekka akaniambia kwamba anayo nyingine, iliyofunguliwa katika gari la aina ileile lililoharibika mbele, ila hiyo ni ya alumini. Sikumwamini. Akachukua sumaku ndogo mfukoni, akaiweka juu ya bomba, nayo ikateleza na kuanguka chini. Kisha akanipa niishike mwenyewe, nikaiinua kwa mkono mmoja, mimi ambaye ile ya chuma niliibeba kwa mikono miwili huku nikiinama.

Namshukuru muuzaji yule kwa jambo moja kubwa zaidi ya bei, nalo ni kwamba hakunikimbiza. Alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, lakini hata ukaidi wake wa kutopinda ni kama theluthi moja tu, na ndiyo maana bomba la propela ya alumini hutengenezwa pana kuliko la chuma. Bomba hilo likishabonyea, kulinyoosha ni kujidanganya. Wala halichomelewi na kila mwenye mashine ya kuchomelea mageti, kwa sababu linataka gesi ya agoni na mkono uliozoea, na hata likichomelewa vizuri, sehemu iliyopata joto hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo nilikaa pale kwenye kibanda karibu nusu saa, nikilipapasa bomba lote kwa kiganja, nikipima urefu kwa futi ya utepe, nikihesabu meno ya upande wa giaboksi na kulinganisha matundu ya flenji, ile sahani ya bolti upande wa difu, huku wateja wengine wakinipita. Alisema tu, "Angalia, mzee, angalia mpaka uridhike." Ningependa kila anayeuza kitu kilichotumika awe na subira ya namna hiyo.

Nyumbani niliisafisha kwa siku mbili za mwisho wa juma. Niliiosha kwa sabuni na brashi ya nailoni, si ya waya, kwa sababu waya huacha mikwaruzo kwenye alumini. Pale ambapo vikombe vya chuma vya krosi huingia katika masikio ya alumini ya uma ulio mwishoni mwa bomba palikuwa na unga mweupe, mkavu kama chokaa, ambao hutokea metali hizi mbili zinapogusana muda mrefu na unyevu ukapita katikati. Nilikwangua unga huo kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa. Vipande vidogo vya kusawazishia mzunguko, vilivyoshikizwa kiwandani kwenye bomba, sikuvigusa kabisa. Krosi yenyewe ilikuwa imekwisha. Ukiizungusha kwa vidole ilikuwa inakwama kila mara mahali palepale, katikati, ambako ndiko hukaa muda mwingi gari linapokwenda kwenye barabara tambarare, kwa kuwa sindano zimekwisha kujichimbia vijia vyao kwenye chuma. Nikanunua mpya. Kabla ya kuipeleka propela gereji nilipiga alama za rangi nyeupe kwenye bomba, kwenye uma na kwenye flenji ya difu, ili kila kitu kirudi mahali pake. Kazi ya kutoa krosi ya zamani na kuingiza mpya sikuithubutu, kwa sababu sina jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Laiti ningelikuwa nayo!

Gereji ile niliambiwa na mtu ninayemwamini kwamba ni nzuri, na kwa injini huenda ni kweli. Nilifika asubuhi ya siku moja ya mvua, muda mfupi kabla ya shule kufunga. Mwenye gereji aliitazama propela, akaigonga kwa kucha, akacheka kwamba nimeleta sufuria. Kisha akaiweka juu ya kipande cha reli, akachukua nyundo, ile ya kilo nzima ya kichwa cha chuma, akaanza kupiga.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Mafundi wengi wa kwetu wamezitoa krosi kwa nyundo kwa miaka na magari yanakwenda, kwa sababu uma wa chuma ni mvumilivu. Najua pia kwamba mwishoni, krosi ikishaingia, fundi hugonga kidogo ili vikombe vikae vizuri kwenye pete zake. Hilo si kosa. Lakini masikio ya alumini si ya kupigwa kwa nyundo ya chuma, kwa sababu hupinda kuelekea ndani bila kukuonyesha, kisha kikombe hubana. Nilisema hivyo, kwa sauti ya kawaida, nikimwita ssebo, yaani bwana kwa Kiganda, kama inavyostahili, nikauliza kama hawana jiliwa ya kusukumia taratibu. Hakusimama. Alinijibu bila kuinua macho, mbele ya vijana wake na mbele ya wateja wawili, "Mwalimu, wewe nenda ukashike chaki yako. Nyundo niachie mimi."

Nimefundisha miaka mingi na nimesemwa mengi, lakini maneno yale yaliniingia. Nilinyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, na ninalisema bila kujitetea: ningechukua propela yangu na kuondoka.

Katika kuingiza krosi mpya, kikombe cha tatu kilikataa kuzama. Niliona kwa macho yangu kwamba pete ya kufungia haikufikia mfereji wake, ilibaki nje kwa kiasi cha unene wa ukucha. Kijana mmoja aliyekuwa ameshika upande wa pili, mdogo wa umri lakini mwenye mikono ya uangalifu, akasema taratibu, "Bosi, pengine sindano imelala." Alichokisema ndicho kila anayejua kazi hii angekifikiria kwanza. Ndani ya kila kikombe sindano hupangwa wima kuzunguka ukuta, zikishikwa na grisi tu, na ukipiga kwa nguvu moja huanguka na kulala chini, ikazuia kikombe kufika mwisho. Dawa yake ni kukitoa kikombe, kuzipanga upya na kurudia, kazi ya dakika tano. Kijana alitukanwa. Pete ikapigwa nyundo mpaka ikaingia.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Mafuta ya giaboksi yalimwagika kwa kuwa hakuna aliyeuziba mdomo wake propela ya zamani ilipochomolewa, mpaka kijana yuleyule alipokimbia kuleta mfuko wa plastiki. Bolti nne za flenji zilifungwa bila kutazama alama zangu nyeupe. Nililipa. Nilipewa mkono.

Niliingia barabara ya haraka ya Entebbe kutokea Busega, kwa sababu ndiyo barabara iliyonyooka na laini ya kupimia jambo kama hili. Mpaka 60 gari lilikuwa kimya, na kwa dakika chache nilifurahi kama mtoto, maana kule kugonga kwa zamani kulikuwa kumekwisha. Kwenye 80 ukaanza mtetemo, si wa usukani, bali wa sakafu na kiti, wa haraka, unaovuma kama nyuki ndani ya debe. Nikiongeza kidogo tu unazidi sana, kwa kuwa nguvu ya kitu kisichokaa sawa katika mzunguko hukua kwa mraba wa kasi yake, yaani kasi ikirudufika nguvu hiyo huwa mara nne. Kwa mwendo ule propela ilikuwa inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Nilitoka barabarani taratibu, nikarudi Bombo kwa 50, malori yakinipigia honi njia nzima.

Niliporudi gereji siku iliyofuata, mwenyewe aliniambia ni magurudumu. Nilimweleza kwamba gurudumu la mbele likikosa usawa hutikisa usukani kwa mtetemo wa polepole zaidi, na kwamba propela hujulikana kwa mtetemo wa haraka wa sakafuni, kwa sababu katika gari kama langu huzunguka karibu mara nne gurudumu linapozunguka mara moja. Akasema basi ni hii alumini yako, rudisha ile ya chuma. Akanipa mgongo. Hakulala chini ya gari hata kwa dakika moja. Mpaka leo sijui ni lipi lililoniumiza zaidi, nyundo au mgongo ule.

Kijana ndiye aliyenifuata nje mpaka getini. Alinielekeza kwa mzee mmoja wa Katwe, mkerezaji, aliyejifunza kazi na Kiswahili chake huko Nairobi, na akaniomba nisimtaje kwa bosi. Sijamtaja.

Mzee yule aliifunga propela kwenye jiliwa, akaweka vipande vya ubao pande zote mbili ili meno ya jiliwa yasiiume, akasukuma kikombe kwa boksi spana mbili, ndogo ya kusukumia na kubwa ya kupokelea upande wa pili. Hakupiga hata mara moja. Kikombe cha tatu kilipotoka, akakiinamisha juu ya kiganja changu, na hizo sindano zikamwagika pamoja na grisi, nzima zote isipokuwa hii moja iliyovunjika. Chini ya kikombe palikuwa na mstari iliposagiwa. Krosi mpya ilikuwa haifai tena. Sikio la alumini lilikuwa na kovu la nyundo, na ukingo wake umevimba kuelekea kwenye tundu. Mzee akaukwangua kwa tupa laini, kidogo kidogo, akipima kwa kikombe kila baada ya mikwaruzo mitatu minne. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, una chaki?"

Nilikuwa nayo mfukoni mwa koti, kama kawaida. Alilipaka sikio mafuta ya taa, akasubiri, akalifuta likakauka, halafu akalipaka chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka na kuchora mstari wa giza kwenye weupe. Tulikaa tukitazama, mimi na yeye, bila kusema. Weupe ulibaki weupe. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga.

Ilipofungwa krosi nyingine, ilizunguka kwa kidole kimoja bila kukwama popote, na flenji ikarudi kwenye alama zangu. Nilipita tena Busega. Kwenye 80 kimya, kwenye 100 kimya, na gari linaondoka kwa wepesi ambao sikuwahi kuujua. Propela ya alumini iliyotumika ninaipendekeza kwa yeyote mwenye subira ya kuichunguza. Kuhusu gereji, nilipoanza kuandika nilitaka kusema kazi yao ni ya wastani. Katikati nilitaka kusema msiende kabisa. Sasa namkumbuka kijana yule na najua kwamba gari lenu likiangukia mikononi mwake litatunzwa. Lakini hamtachagua ninyi nani ashike, na mwenyewe bado anashika nyundo. Kwa hiyo msiende. Nilidai gharama ya krosi niliyolazimika kununua tena, nikaambiwa nije mwezi ujao, na mwezi huo umepita.

Kovu bado lipo kwenye sikio. Kila Jumapili baada ya kuosha gari ninaingia chini na tochi, mafuta ya taa na kipande cha chaki. Siku nitakapouona mstari wa giza nitaifungua propela mwenyewe, nitaiweka begani, maana ni nyepesi, na nitaibeba mpaka mbele ya mtu yule ili auone.